Wanaouliza bei wengi, wanunuzi wachache

Dada, umesema tangazo lako la taa za sola za kuvulia dagaa linakuletea meseji kibao WhatsApp, ila wanaonunua ni wa kuhesabu. Usiongeze hela ya tangazo kwanza. Wengi wanaouliza "bei gani?" huenda ni vijana wanaovua tu; anayetoa hela ni tajiri mwenye mtumbwi. Swali lako la kwanza liwe: mtumbwi wa nani, na unavua kutoka mwalo gani, yaani mitumbwi yenu inatia nanga wapi?

Halafu angalia mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi inapumzika na watu wanashona nyavu. Anayekuuliza kipindi hicho mpigie siku hiyohiyo, anajiandaa na giza linalokuja.

Bei iandike kwenye tangazo lenyewe, na betri inakaa saa ngapi. Meseji zitapungua, na ni afadhali.

Kila anayeuliza mwandike daftarini: amekupata kwenye tangazo, kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, au ameelekezwa, na kama alinunua. Mimi naamini sana walioelekezwa na mvuvi mwenzao. Hao wahudumie kwanza, hata kama wako mbali kisiwani Ukerewe.