Maswali na Majibu: Panya Waliotelekezwa na Ankara ya Daktari

Mwezi huu maswali mengi yamekuwa juu ya panya wa kufugwa waliotelekezwa, na karibu yote yanaishia kwenye pesa. Nimechagua haya manane.

Nimewachukua panya 9 kwa mtu aliyewachoka. Madume na majike wamo kizimba kimoja, sakafu ni ya waya, mkojo unachoma macho. Dada, nianzie wapi, na pesa niliyonayo iende wapi kwanza?

Anza na jinsia, kabla hata hujaosha kizimba. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, kwa kawaida huzaa watoto 6 hadi 12, na anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Kitoto cha wiki 5 tayari kinaweza kuzalisha. Ukiwa na majike 4 kati ya hao 9, ukiahirisha kuwatenga hadi mwisho wa juma unaweza kujikuta na vitoto 40 wa kulisha na kutibu. Dume mzima hakupi kazi ya kumtambua, korodani zake ni kubwa na zinaonekana wazi chini ya mkia. Watenge usiku huohuo, hata kama kizimba cha pili ni boksi kubwa la plastiki lenye kifuniko cha wavu. Andika tarehe. Siku 23 zikipita bila jike yeyote kuzaa, hofu hiyo imekwisha.

Kazi ya pili ni kuwapima uzito. Tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu, weka bakuli lenye kitambaa juu yake, rudisha hesabu kwenye sifuri, kisha mwingize panya mmoja mmoja. Andika uzito wa kila mmoja kila siku, saa ileile. Panya huficha ugonjwa kwa ustadi mkubwa, kwani kwa asili yake anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Atakuja kupokea chakula mkononi mwako kama mzima, huku mizani inasema amepoteza gramu 30 tangu Jumatatu. Uzito huohuo ndio daktari atakaoutumia kupima dawa, kwa hiyo usiukisie.

Ondoa sakafu ya waya au uifunike kabisa. Geuza nyayo zao utazame. Pakiwa pekundu, pamevimba au pana kigaga, hivyo ni vidonda vya kukanyaga waya na unyevu. Tandika karatasi iliyochanwa au kitambaa. Usitandike maranda ya msonobari au mwerezi, mafuta yake hukera mapafu, na mapafu hayo yameshachoshwa na amonia ya mkojo.

Kuhusu pesa, wa kwanza kwenda kwa daktari ni anayepumua kwa shida, hata kama mwingine ana kidonda kinachotisha zaidi machoni. Anayefuata ni asiyekula, na kabla hujaondoka mtazame meno ya mbele, kwa sababu hayaachi kukua na yakipishana hawezi kutafuna. Rangi ya manjano iliyokolea kwenye meno hayo isikutishe, ndiyo afya yake. Kisha vidonda, kisha chawa na utitiri, ambao hutibiwa kwa wote siku moja, la sivyo unarudia kulipia dawa ileile. Kabla hujatoka nyumbani piga simu kliniki uulize kama wanatibu panya, na kama watakubali kuwaona wote kwa ziara moja. Madaktari wengine hukubali, lakini usipouliza hakuna atakayekwambia.

Kama una panya wengine, hawa wageni wakae chumba kingine wiki 2.

Panya niliyemwokoa analia damu. Je, anakufa?

Hiyo si damu. Ni porfirini, majimaji mekundu yanayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho. Kidogo baada ya kuamka ni kawaida. Yakiwa mengi, yamekauka puani na kuchafua miguu ya mbele anayojifutia, panya huyo anaumwa au ana hofu kubwa. Mfute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha sikiliza kifua chake, maana mara nyingi tatizo liko hapo.

Nimelipia matibabu ya mapafu mara mbili na mlio umerudi. Nahisi daktari ananila pesa.

Huenda daktari wako hana kosa. Kuna bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, na karibu kila panya wa kufugwa anaye. Hukaa kimya mpaka panya apate hofu, vumbi, amonia au uzee, ndipo anaibuka. Hana ukuta wa seli, ndiyo maana penisilini haimgusi. Madaktari wengi hutumia doksisaiklini, peke yake au pamoja na enrofloksasini, kwa wiki kadhaa. Dawa humtuliza, haimfuti. Ukikatiza siku ya 5 kwa sababu panya amechangamka, unajiandalia ankara ya tatu.

Nilikuwa na jike aitwaye Shaba, mwenye manyoya ya rangi hiyo. Kila asubuhi nilimweka shingoni, sikio langu likigusa mbavu zake. Kwenye siku nzuri nilisikia moyo tu, unaokwenda mbio mpaka huwezi kuhesabu mapigo. Kwenye siku mbaya kulikuwa na sauti kama karatasi nyembamba inayokunjwa polepole. Nilijifunza kuitofautisha nikaacha kukimbilia kliniki kila alipopiga chafya. Nilipopeleka, nilipeleka kwa sababu. Mwombe daktari akufundishe kumpa dawa nyumbani kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano: umfunge kwa taulo, uingize ncha pembeni ya mdomo, tone kwa tone. Na kwenye bajeti yako, mapafu yahesabu kama gharama ya kudumu.

Nataka kuomba michango ya matibabu lakini watu wananicheka. "Panya? Si ununue sumu!" Nianzeje?

Anza na panya mmoja. Ukisema "nisaidieni panya wangu" unaomba watu wapende jambo wasiloliona. Sema huyu ni jike, ana gramu 210, alikutwa hana maji, ana jipu chini ya taya, na haya ndiyo makadirio ya kliniki kwa maandishi. Mtu akiona kiasi kamili na kazi itakayofanywa, anajua mchango wake unaziba pengo gani. Ikiwezekana pesa ziingie moja kwa moja kliniki. Zikipitia kwako, ziwe na daftari lake, na kila risiti waione waliochangia.

Sema mapema, kabla senti ya kwanza haijaingia, pesa itakayobaki itafanya nini, na itakuwaje panya akifa. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuchangisha kwa ajili ya panya 2 waliohitaji upasuaji, mmoja akafa alfajiri ya siku yenyewe. Nililia, nikakaa kimya siku 10. Waliochangia hawakuona machozi, waliona kimya, na wakadhani nimekula pesa yao. Walikuwa na haki. Siku hizi panya akifa naandika siku hiyohiyo, hata kama ni mistari 2, pamoja na risiti.

Usimtaje aliyewatelekeza wala kumpiga picha. Wengi wao wameelemewa na wana aibu, na wakijua watatangazwa hawatakupigia simu, wataacha kizimba jalalani.

Na hao wanaocheka? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja na kumwacha mwenzake huru. Yule huru alijifunza kufungua mlango ili amtoe. Hata alipowekewa chokoleti kwenye kizimba cha pili kilichofungwa, alifungua vyote viwili, na mara nyingi mwenzake akapata sehemu. Wengine watakutajia Magawa, panya buku aliyegundua kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia na kupewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Namheshimu sana Magawa, lakini hoja hiyo mimi siitumii. Huyo wako aliye kizimbani hana haja ya kugundua bomu ndipo astahili dawa ya maumivu. Mtu alimfungia, akamnyima maji. Hiyo inatosha.

Jike wangu wa miezi 20 ana uvimbe wa ukubwa wa zabibu karibu na kwapa. Akiba yangu inatosha upasuaji mmoja tu. Nifanye?

Tishu ya matiti ya panya imeenea kutoka shingoni hadi kinenani, kwa hiyo uvimbe kwapani mara nyingi ni wa titi. Nyingi za aina hiyo si saratani, ila hukua haraka na haziachi. Wa ukubwa wa zabibu hutolewa kwa mkato mdogo. Ukisubiri miezi 2 unaweza kuwa na uvimbe mzito kuliko kichwa chake, na upasuaji wa hatari zaidi.

Panya huishi miaka 2 hadi 3, basi huyo ni bibi. Mimi hutazama mambo matatu: uzito umetulia, kifua ni safi, miguu ya nyuma ina nguvu. Vikiwepo vyote, ningefanya upasuaji wiki hii. Usimnyime chakula kabla ya upasuaji, panya hawezi kutapika na mwili wake mdogo hauvumilii njaa. Nenda na chakula laini apewe mara tu akizinduka, na umwekee joto. Jua pia kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota mahali pengine.

Kifua kikiwa kibovu au miguu imeanza kuburuzika, muache na uvimbe wake, umpe dawa ya maumivu na maisha laini, mpaka siku atakaposhindwa kula au kujisafisha. Hapo ndipo panapohitajika pesa ambayo watu husahau kuitenga: ya kumlaza usingizi wa mwisho kwa mkono wa daktari. Hiyo mimi naitenga siku panya anapoingia mlangoni, na siigusi kwa jambo lingine lolote. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: ukilipa upasuaji, hiyo itabaki? Kama haitabaki, changisha tofauti kabla ya kumpeleka.

Muuzaji mmoja anawaweka panya bila maji. Niwanunue niwaokoe?

Usinunue. Pesa yako italeta kundi lingine kwenye kizimba hichohicho. Mwambie uko tayari kuwachukua wagonjwa bure, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa wanyama ukiwa na tarehe na picha.

Shikamoo mama. Nina miaka 16, nataka kusaidia lakini mama yangu anaogopa magonjwa.

Marahaba mwanangu. Mama yako haogopi bure. Kuna homa inayotokana na kung'atwa au kuparurwa na panya: joto kali, vipele, maumivu ya viungo, kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 10. Hutibika kwa antibayotiki iwapo daktari ataambiwa mapema kwamba mnafuga panya. Mwaka 2017 Marekani watu waliambukizwa virusi vya Seoul kutoka kwa panya wa kufugwa. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni kila mara, usiwabusu, usioshee vyombo vyao jikoni, na watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wasiwashughulikie. Mwonyeshe mama utaratibu huo kwanza. Akikataa bado, kuna kazi isiyohitaji kugusa panya: kutunza daftari la uzito na risiti. Waokoaji wengi hatuna mtu wa kazi hiyo.

Nina panya 14, akiba imekwisha, na leo nimepigiwa simu kuhusu wengine 6. Siwezi kulala.

Usiwachukue. Najua inavyouma, lakini hao 14 hawana pesa ya daktari wala ile ya mwisho, na ukiongeza 6 utakuwa na panya 20 waliotelekezwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Waokoaji waliozama walianza kwa simu kama hiyo.

Kukataa kuwachukua hakukuzuii kuwasaidia walipo. Mwazime aliyekupigia kizimba cha ziada. Mweleze matandiko. Mtafutie mwokoaji mwenye nafasi, na umwambie huyo ukweli wote kuhusu afya yao. Ila mpigie leo, usingoje kesho, na neno la kwanza umuulize kama madume wako peke yao.