Uliza Tukujibu: Mfumo umerudi, makaratasi je?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni nesi, wodi ya wanaume. Hospitali yetu mafaili tuliachana nayo zamani, kila kitu kompyuta. Juzi mfumo uligoma toka asubuhi mpaka usiku, tukawa tunaandika dawa nyuma ya fomu za zamani, wengine kwenye boksi la glavu. Uliporudi bosi akasema hakuna kwenda nyumbani mpaka yote yaingizwe. Sasa nikakuta mgonjwa ana sindano ileile mara mbili, sijui kachomwa mara mbili au kaandikwa mara mbili! Wenzetu wanafanyaje? – Nesi wa zamu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mgonjwa: dozi inayofuata isitolewe mpaka daktari ajue, muulize aliyekuwa zamu, afu hesabuni chupa zilizobaki na zilizotoka famasi, hapo jibu huwa linapatikana.

Watu wengi wakisikia mfumo umerudi wanashangilia wakati kazi ngumu ndo inaanza. Mei 2021 huduma ya afya ya Ireland, HSE, ilivamiwa na wadukuzi, mlango wenyewe ulikuwa mfanyakazi mmoja kufungua faili la kwenye barua pepe mwezi Machi, ikabidi wazime mitambo nchi nzima watu warudi kwenye kalamu. Baada ya kama wiki hivi wahalifu wenyewe wakatoa bure ufunguo wa kufungulia data waliyoifunga. Unadhani yakaisha? Wapi! Ilifika Septemba ndo sava (kompyuta kuu zinazotunza data) karibu zote zimerudi.

Na si lazima udukuliwe. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, hospitali zikiwemo. Huku kwetu Mei mwaka huohuo nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na Kenya. Kwahiyo waulize watu wa IT sava yenu iko wapi, kama iko hapohapo jengoni intaneti ikikatika mnaweza kuendelea, kama iko nje ndo mmekwama.

Maandalizi yenyewe hayana gharama kubwa. Kila wodi iwe na boksi lenye fomu tupu za dawa na maabara, na namba za muda zilizochapwa kabisa kwa wagonjwa wapya, na kila zamu ikianza mtu aprinti orodha ya wagonjwa na dawa zao na aleji (najua printa zetu zinavyoringa, ila komaeni nayo). Pia ijulikane nani ana ruhusa ya kutamka tunahamia karatasi, maana bila hivyo nusu ya watu wanaandika na nusu wanasubiri, ndo mnaishia kwenye maboksi ya glavu.

Mfumo ukirudi, msikimbilie kuingiza kila kitu. Tangazeni muda mmoja maalumu ambao wodi nzima itarudi kwenye kompyuta kwa pamoja, kabla ya hapo karatasi ndo inayoaminika. Anzeni na aleji, dawa zinazoendelea, majibu ya maabara ya hatari na nani kaingia, katoka au kafariki, mengine skanini tu. Mmoja asome mwenzie achape, na muda unaoandikwa ni ule sindano ilipochomwa siyo wa kuchapa, nahisi hapo ndo ya kwenu ilipozaliwa mara mbili. Karatasi ikishaingizwa ipigwe mstari na sahihi, afu itunzwe.

Bosi wako mwambie kwa upole aite watu wa zamu nyingine waingize, nesi aliyekesha na mafomu siyo wa kumwachia kibodi usiku huo.