Kabla Hujavuka Mpaka Kuwahudumia Watoto

Mlezi mmoja wa Tanga, anayewaongoza watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto katika Kanisa Katoliki, ameniandikia kuniuliza namna ya kuandaa safari ya kimisionari, baada ya kusikia kwamba sisi walezi wa Bagamoyo tulikwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, kuwahudumia watoto. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengi wenu mna shauku hiyohiyo.

Safari yenyewe, hadi mpaka wa Kasumulu na daraja la mto Songwe, haina mengi ya kusimulia. Kazi ilianza mapema zaidi, paroko wetu alipomwandikia paroko wa huko, nasi tukawauliza walezi wenyeji wanahitaji nini. Hawakuomba nguo wala peremende. Waliomba tuwasaidie kuwapanga watoto kwa umri, kwa sababu mlezi mmoja alikuwa akiwakusanya wote chini ya mwembe, wa miaka 4 pamoja na wa miaka 12, na wakubwa walikuwa wameanza kuacha kuja.

Hivyo asubuhi tulikaa na walezi, na mchana wao ndio waliosimama mbele ya watoto, sisi tukiwa nyuma tukikoroga uji na kuwabembeleza wadogo waliolia. Mwenzetu mzaliwa wa Kyela alielewana nao upesi, maana Kingonde na Kinyakyusa ni lugha ndugu. Sisi wengine tulitegemea nyimbo. Mlezi kijana ambaye siku ya kwanza hakuthubutu kuinua sauti ametutumia ujumbe hivi karibuni kwamba makundi yote yanakutana kila Jumamosi, na kwamba wakubwa wamerudi. Naandika hayo kwa fahari, wala siifichi.

Nyumbani si wote waliotupokea vizuri. Mzee mmoja anayeheshimika alisema mbele ya waumini kwamba tulikwenda kutembea, kwa fedha ambazo zingewafaa watoto wa hapa. Neno lile linaniuma mpaka leo, kwani nauli tulijichangia wenyewe. Tena sisi watu wa Bagamoyo tuna deni katika jambo hili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, walianza na watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Zanzibar, na wengi waliouzwa katika soko lile walitoka pande za Ziwa Nyasa. Karonga ilikuwa na ngome ya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, hadi aliponyongwa mwaka 1895. Pwani hii iliwapokea watoto wa kule wakiwa katika minyororo. Je, leo ni anasa kuwaendea kwa upendo?

Lakini wamisionari wale walikaa. Wengi walikufa kwa homa wangali vijana, na makaburi yao yako palepale misheni. Wewe na mimi tuna kazi na familia, tutarudi baada ya siku chache, na kwa hiyo huduma yetu haina budi kupitia mikono ya wanaobaki. Mpendwa, usiende kwa watoto kabla hujaenda kwa mlezi wao. Zawadi mkabidhi mlezi, agawe yeye anayejua nani ni yatima na nani ana baba mwenye duka. Picha usipige bila idhini ya mzazi, na usikae faraghani na mtoto hata kama nia yako ni njema. Kristo alisema ampokeaye mtoto kwa jina lake anampokea yeye, nasi tunakwenda kumpokea, si kujionyesha mbele yake.

Umeniuliza pia kama uwachukue watoto wa parokia yako. Safari ya kwanza nendeni walezi peke yenu, kwani hati za kusafiria na ruhusa za maandishi za wazazi zinahitaji muda ambao sasa hamna. Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha shirika letu nchini Ufaransa mwaka 1843, aliwaomba watoto sala na sadaka ndogo kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Watoto wa Tanga waanze hivyo wiki hii, nawe mwombe paroko wako aandike barua.