Kabla ya kununua kitabu cha besiboli cha mwaka huu, tafuta cha mwaka jana

Kila Februari, theluji ya Kansas City ikiwa bado haijayeyuka, simu yangu huanza kupokea swali lile lile: "Mwaka huu ninunue kitabu gani?" Wanamaanisha vitabu vya takwimu na makadirio ya wachezaji wa besiboli, vinavyotoka kabla ya kila msimu. Wanaouliza ni Waswahili wenzangu tunaoishi huku, walioanza kuipenda besiboli ukubwani kama mimi, na wanaofurahia hesabu kuliko kelele za uwanjani. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia wanunue cha mwaka jana.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa bahati tu. Novemba 2015 Royals, timu ya hapa Kansas City, walichukua ubingwa wa besiboli, wa kwanza tangu 1985, na inakadiriwa watu 800,000 walijaa mjini siku ya kuwapokea. Nilitoka zamu ya usiku ghalani nikaenda kusimama kwenye umati, nashangilia nisichokielewa hata nusu. Wiki chache baadaye, kwenye duka la vitabu vya mitumba, nikaokota kitabu kimoja cha aina hiyo, Baseball Prospectus ya mwaka ule ule, kwa bei ya soda mbili. Msimu umekwisha, nani angekitaka? Nikaanza na sura ya Royals, nikawa kama mtu anayesikiliza utabiri wa mvua akiwa ameshalowa.

Mzee mmoja wa pale ghalani aliponiona nacho akacheka. Akanieleza kwamba waandishi wa kitabu kile wana mfumo wao wa makadirio, PECOTA, uliopewa jina la Bill Pecota, mchezaji wa kawaida tu aliyewahi kuichezea Royals. Mwanzoni mwa 2015 mfumo huo uliwapa Royals hao hao ushindi 72 katika mechi 162. Wakashinda 95. Nikadhani hadithi imeisha, kumbe bado. Mwaka 2007 mfumo huo huo uliwapa White Sox wa Chicago ushindi 72, nao walikuwa mabingwa wa 2005. Mashabiki wao wakanuna. Msimu ulipokwisha, wakahesabu: ushindi 72 kamili.

Ukiwa na kitabu cha mwaka jana, matokeo unayajua tayari, kwa hiyo kilichobaki ni kupima hoja. Royals wa 2015 ndio waliokosa mpira na kutolewa mara chache kuliko timu zote, walikuwa wadakaji hodari, na warushaji wao wa akiba walijua kufunga mchezo. Nionavyo mimi, hapo ndipo kikokotoo kilipoponyokwa. Ukishaona hesabu huponyokwa wapi, cha mwaka huu hutakimeza kizima kizima.

Halafu soma kurasa za mwanzo zinazoeleza maana ya vifupisho. Mimi niliziruka, nikakaa miezi nikimpima kila mpigaji kwa wastani wa kupiga peke yake. Chukua wapigaji wawili wa mfano. Wa kwanza kapiga vizuri mara 150 katika majaribio 500: wastani .300, jina zuri mtaani. Wa pili kapiga 130 kati ya 500: .260. Lakini wa kwanza alipewa kituo cha bure mara 20 tu, kwa mrushaji kukosa shabaha, na wa pili mara 90. Ongeza vituo vya bure kwenye mafanikio na pia kwenye majaribio, kisha gawanya: wa kwanza anafika .327, wa pili .373. Hiyo ndiyo OBP, yaani kiwango cha kufika kituoni, kwa ufupi (hesabu kamili ina vitu vingine vidogo viwili). Kazi ya mpigaji ni kufika kituoni na kutotolewa, na kwa kazi hiyo wa pili ni bora.

Namba tupu usizilipie. Zimo bure kwenye tovuti za Baseball-Reference na FanGraphs. Unacholipia ni mtu aliyekaa akafikiri, ndiyo maana napenda Baseball Prospectus, yenye sura ya kila timu na maneno mafupi, mara nyingi ya kejeli, kwa kila mchezaji. Kitabu cha makadirio cha Ron Shandler kinawafaa zaidi wanaocheza ligi za kubuni na marafiki, yaani wanaounda timu za mezani kwa takwimu za wachezaji halisi. Mimi sichezi, kwa hiyo hicho huazima tu.

Kama fedha ni ngumu, tafuta toleo lolote kuukuu la kitabu cha mwaka cha Bill James, mwandishi mashuhuri wa hesabu za besiboli. Aliyatoa kuanzia 1977 hadi 1988. Lile la kwanza alilichapisha mwenyewe, kurasa 68, likanunuliwa na watu 75 hivi, naye akiwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya makopo mjini Lawrence, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa kwangu. Wachezaji anaowaandika humo wamestaafu zamani, lakini namna anavyouliza swali haijazeeka. Sisi wa zamu ya usiku tunampenda kwa sababu zetu.

Mwisho, nunua cha karatasi, kwa kuwa majedwali kwenye simu yanaumiza macho, na uwe na penseli. Kila Machi naandika makadirio yangu pembeni ya kila mchezaji wa Royals, kisha nakiweka kitabu juu ya kabati hadi Oktoba. Aprili sikigusi, mechi 20 hazisemi kitu. Mwaka jana nilimshinda mwandishi kwa wachezaji 4. Waliobaki wote alinishinda yeye.