Imeili za "ripoti yako imechelewa": majibu kwa mteja wa siri mgeni

Mkuu tulia kwanza, hujafukuzwa. Umesema umeenda tawi la benki leo mchana, kazi yako ya kwanza ya uteja wa siri, yaani unaenda kama mteja wa kawaida halafu unaiandikia kampuni iliyokutuma ripoti ya ulivyohudumiwa, hujafika hata nyumbani imeingia imeili kwamba ripoti haijapokelewa, jioni ikaja nyingine ya herufi nyekundu, na sasa unauliza kama uwajibu, kama hizo imeili zinazimika, na ufanyeje maana umeme mtaani kwenu haupo na ripoti yenyewe ina maswali hayaishi. Nitajibu yote ila sio kwa mpangilio wako. Mi hii kazi naifanya hapa Dar muda sasa, benki, vituo vya mafuta, maduka ya simu, supamaketi, na hizo imeili nimeshazila mpaka basi.

Cha kwanza, anayekuandikia sio mtu. Ni mfumo, na unaangalia kitu kimoja tu, hii kazi namba fulani kapewa nani na ripoti imeshatumwa au bado. Umejaza maswali yote umebakiza moja? Kwake hujafanya kitu. Uko ndani ya tawi umekaa kwenye foleni unahesabu dakika? Hujafanya kitu. Umeongea na dada wa ofisini akakwambia WhatsApp "haina shida leta kesho" lakini hajabadilisha muda kwenye mfumo? Umechelewa, na imeili inakuja vilevile. Ni kama jogoo, anawika hata nyumba ambayo washaamka. Kwa hiyo usiisome kama vile kuna bosi kakasirika mahali, na usijibu kwa hasira, maana nyingi zinatoka kwenye anwani ambayo hakuna anayeisoma. Utaandika insha nzima ya kujieleza na itaishia hewani, wewe unalala ukijua umeshatoa taarifa kumbe hujamwambia mtu.

Mtu wa kumwandikia ni skedula, yaani yule aliyekugawia kazi. Jina lake na anwani yake viko kwenye ile imeili ya kwanza ya kukuthibitishia kazi, au kwenye ukurasa wa kazi yenyewe ukiingia kwenye akaunti yako. Skedula mmoja nilishamuuliza mbona mnatusumbua hivi, akaniambia yeye hizo imeili hata hazioni, mfumo unazituma wenyewe, yeye anachokiona asubuhi ni orodha ya waliochelewa na anaanza kuwapigia mmoja mmoja. Sasa kwenye hiyo orodha kuna aliyemwandikia kabla na kuna aliyepotea, na hao wawili hawapewi kazi sawa mwezi ujao, hilo sihitaji kukueleza.

Kuzima? Kampuni nyingine zina sehemu ya kuchagua upate imeili gani, nyingine hazina. Mi nakushauri zile za matangazo ya kazi mpya zima ukitaka, za ripoti acha, ila zitengenezee folda yake kwenye imeili ili zisikutoe roho kila simu ikitetemeka. Na angalia spamu mara mojamoja, maana zinazokwenda huko mara nyingi ndo zile za maana, za mhariri, yule wa kampuni anayekagua ripoti yako, anauliza kitu.

Hapo kwa mhariri pana jambo linawachanganya wengi. Umetuma ripoti usiku, umelala vizuri, asubuhi imeili "ripoti yako haijakamilika". Mtu anapandwa na jazba, nimeshatuma bana! Ni kweli umetuma, ila mhariri kaisoma kakuta umeandika mhudumu alikuwa mchangamfu na kwenye swali la tabasamu umejibu hapana, kakurudishia ufafanue, na ikirudishwa tu kwa mfumo inakuwa kama haijawahi kutumwa, ukumbusho unaanza upya. Ingia kwenye akaunti, soma maoni yake, mara nyingi ni sentensi mbili unarekebisha unatuma tena. Usianze kutafuta skrinshoti za kuthibitisha kwamba ulituma, hakuna anayebisha.

Halafu saa. Hili ndo lina pesa za watu. Muda wa mwisho umeandikwa 23:59, swali ni 23:59 ya wapi. Kama mfumo unasoma saa ya mahali kazi ilipo basi ni usiku huuhuu wa kwetu, saa 5 na dakika 59. Kama kampuni ipo Johannesburg na mfumo unasoma saa ya kwao, una lisaa limoja zaidi, mpaka saa 6:59 usiku. Ikiwa London inategemea msimu, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawazidi masaa mawili, miezi mingine matatu, kwa hiyo ni saa 7:59 au saa 8:59 usiku kwetu. New York ndo kabisa, inaangukia asubuhi, saa 12:59 au saa 1:59. Muulize skedula mara moja, andika mahali, usikisie. Na mpaka umepata jibu chukulia ni ya kwetu, ile ya mapema. Angalia pia kama wanahesabu tarehe au masaa, maana kuna wanaosema ndani ya masaa 12 toka umalize ziara, sasa ukienda mgahawani saa 2 usiku hiyo inakwisha kesho yake asubuhi, sio kesho usiku.

Sasa ripoti yenyewe. Siri ya kuwahi sio kuandika haraka usiku, ni kuandika ukiwa bado pale karibu. Nikitoka benki sipandi daladala moja kwa moja, natafuta mama ntilie au kivuli chochote, naagiza chai, naandika yote ya muhimu kwenye simu kabla sura za watu hazijafutika. Nikiwa ndani najitumia mwenyewe meseji WhatsApp, "naingia", "namba 46 dirisha la 3", "nimemaliza", kila meseji inabaki na muda wake, na mtu akikuona anajua unachat tu kama watu wengine. Jina la mhudumu kwenye kibeji liandike hapohapo, hilo ndo la kwanza kusahaulika. Kile kikaratasi cha namba ya foleni usikitupe, kina muda umechapwa. Kituo cha mafuta au supamaketi dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina tarehe na saa, ipige picha palepale maana karatasi zile joto likizipata maandishi yanaharibika, ukiiacha kwenye gari juani unaweza ukakuta haisomeki.

Picha pakia ile ya kwenye kamera, sio iliyopita WhatsApp, maana ikipitia kule inapoteza zile taarifa za muda na mahali ilipopigwa na kuna kampuni zinaziangalia. Majibu marefu andika kwanza kwenye noti za simu ndo unakili upeleke kwenye fomu. Ukikaa muda bila kugusa kitu mfumo unakutoa nje, unarudi unakuta boksi tupu, na usiku wa manane hiyo inauma.

Na punguza tamaa ya kazi. Jumamosi moja ukijipangia matawi manne unaona kama umepiga hela, zunguka yenyewe ni nyepesi kweli, ila usiku una ripoti nne zinadaiwa kwa wakati mmoja na mashine inakuwikia mara nne. Benki hasa, kuandika kunachukua muda kuliko hata kuhudumiwa. Wanaolipa wanajua, ndo maana dau lao linaonekana zuri.

Kukatika umeme nishapitia. Niliandika kwa skedula mapema, bado masaa kadhaa, akakubali nilete saa 4 asubuhi. Usiku mzima imeili zimekuja, alfajiri ikaja ya mwisho kwamba kazi imefutwa na imerudishwa ubaoni, mtu mwingine aichukue. Sikupanga kugombana. Nilimtumia skedula jibu lake mwenyewe la jana, nikamwambia kazi imejifuta, akanirudishia, nikatuma, nikalipwa. Bila lile jibu la maandishi sijui ningemwambia nini. Kwa hiyo akikubali kwa simu mwombe akuandikie japo mstari mmoja.

Tahadhari fupi, kuna matapeli wanatengeneza imeili zinafanana kabisa na hizi, "kamilisha ripoti yako, bonyeza hapa", ukibonyeza unaombwa neno la siri au ada ya kufungua akaunti. Kampuni ya kweli haikudai hela ili ikulipe hela. Usiingie kwa linki, fungua mwenyewe tovuti yao.

Kwa usiku wa leo fanya hivi. Simu ina chaji kidogo umesema, basi usiitumie kujaza fomu, itumie kuandika meseji hii kwa skedula sasa hivi: "Habari, naitwa fulani, kazi namba fulani. Ziara nimefanya leo saa 7 mchana, slipu na picha ninazo. Umeme umekatika eneo langu, ripoti itaingia kesho kabla ya saa 3 asubuhi. Naomba uniongezee muda kwenye mfumo." Kama yuko nje ya nchi mwandikie Kiingereza na saa uziweke 13:00 na 09:00 za Afrika Mashariki, ukimwandikia saa 3 atasoma saa 3 ya kwao akuone wa ajabu. Ambatanisha picha ya slipu, aone kazi ipo kweli. Halafu kwa chaji inayobaki andika kwenye noti yale unayoyakumbuka, jina, muda, walivaaje, walisema nini, vipande vipande tu bila sarufi, kama huna hata hiyo chukua daftari na mshumaa. Kesho alfajiri ukipata chaji popote unajaza fomu huku unanakili.

Akikujibu tuambie amesema nini, hasa kuhusu alama, maana kampuni nyingine zinakata alama wanazokupa kwa kila ripoti hata kama muda umeongezewa na hapo ndo pa kuanza kuuliza maswali.