Kivinjari Kikiondoa Ulichokizoea, Usizime Masasisho

Kivinjari chochote kinapotoa toleo jipya, malalamiko huanza kumiminika siku hiyo hiyo, na ukiyasoma kwa makini utaona kwamba ni wachache mno wanaozungumzia mianya ya usalama iliyozibwa. Watu huzungumzia kitufe kilichohamishwa, menyu iliyofupishwa, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) kilichogoma kufanya kazi, au vichupo, yaani kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja ndani ya dirisha moja, vilivyobadilishwa umbo bila wenyewe kuulizwa. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kuhudumia kompyuta za wenzangu ofisini, na nikitoka huko naendelea na za ndugu na marafiki, hivyo malalamiko hayo nimeyasikia ana kwa ana, nami nayaheshimu. Mtu aliyejenga utaratibu wake wa kila siku juu ya kipengele fulani ana haki ya kuudhika kinapoondolewa. Ninachoomba ni kwamba hasira hiyo, hata ikiwa ya haki kabisa, isimfikishe mahali pa kuzima masasisho, kwa sababu atakayelipia uamuzi huo ni yeye mwenyewe, wala si kampuni iliyomuudhi.

Tatizo la masasisho ya usalama ni kwamba yakifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachoonekana. Mwezi Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, maktaba ya programu inayotumika kufungua picha za aina ya WebP, na ilipotangazwa ilikuwa tayari inatumiwa na wadukuzi. Taarifa zilitoka kwa wahandisi wa usalama wa Apple na kwa Citizen Lab, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Toronto. Google ilitoa marekebisho ya Chrome tarehe 11 Septemba, na kesho yake Mozilla ikatoa Firefox 117.0.1. Kasoro ilikuwa moja, lakini iligusa vivinjari karibu vyote, kwa kuwa vyote vilikuwa vimeazima maktaba ile ile. Mtumiaji hakulazimika kupakua faili wala kuandika nenosiri mahali pasipostahili: kufungua ukurasa wenye picha iliyoundwa kwa hila kulitosha kumweka hatarini. Aliyekuwa amezima masasisho miezi michache kabla, kwa kuwa tu hakupendezwa na mwonekano mpya, alibaki wazi bila hata kujua kwamba kuna jambo lililotokea.

Lipo pia jambo ambalo watumiaji wengi hawaelezwi. Msimbo wa Firefox, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, na sehemu kubwa ya msimbo wa Chrome viko hadharani, na mara marekebisho yanapoingizwa humo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kulinganisha toleo la zamani na jipya akaona hasa ni wapi palipozibwa. Kwa hiyo siku sasisho linapotoka, wale ambao hawajalichukua huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko walivyokuwa juzi. Ndiyo maana Google, iliyokuwa tayari inatoa toleo jipya la Chrome kila baada ya wiki 4, iliamua kuanzia Chrome 116 mwezi Agosti 2023 kutoa masasisho ya usalama kila wiki. Wengi waliuona uamuzi ule kama usumbufu mwingine. Mimi niliufurahia.

Sasa nirudi kwenye vipengele vinavyotoweka, maana hapo ndipo penye uchungu, na si haki kuwaambia watu wavumilie tu bila kuwaeleza sababu. Baadhi ya vipengele huondolewa kwa kuwa vyenyewe ndivyo mwanya. Januari 2018 dunia ilipata habari za Spectre, kasoro iliyokuwa ndani ya vichakataji vya kompyuta, ambayo iliwezesha msimbo wa tovuti moja kuchungulia data isiyo yake kwa kupima muda kwa usahihi mkubwa sana. Mozilla ilitoa Firefox 57.0.4 ikapunguza usahihi wa saa ambazo tovuti huzisoma na kuzima SharedArrayBuffer, nyenzo iliyotumiwa na programu nzito za kwenye wavuti. Programu hizo ziliathirika, na waliozitegemea wakalalamika. Nyenzo hiyo ilirejea katika Firefox 79 mwaka 2020, safari hii kwa masharti makali. Upande wa Chrome, kinga kubwa ilikuwa kuitenga kila tovuti iendeshwe peke yake ndani ya kompyuta, katika mchakato wake, na Google yenyewe ilikiri kwamba hatua hiyo ingeongeza matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta kwa asilimia 10 hadi 13. Nakumbuka jinsi watu walivyonijia wakati ule wakisema kivinjari kimekuwa kizito. Walikuwa wanasema kweli, na uzito ule ulikuwa na kazi yake.

Viendelezi vya zamani vya Firefox navyo vina kisa cha namna hiyo. Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017, viendelezi vyote vya mtindo wa kale viliacha kufanya kazi kwa mkupuo, vikiwemo ambavyo mimi mwenyewe nilivitumia kila siku na ambavyo hadi leo sijapata mbadala wake kamili. Uwezo wao ulitokana na ruhusa ya kugusa karibu kila kitu ndani ya kivinjari, na ruhusa hiyo hiyo ndiyo iliyofanya isiwezekane kuvidhibiti, wala kuugawa mfumo wa kivinjari katika sehemu zinazolindana. Flash, programu iliyochezesha video na michezo ndani ya kurasa za wavuti, nayo iliagwa tarehe 31 Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya kuzibwa tundu moja na kufumuka jingine.

Hata hivyo, si kila kinachoondolewa huondolewa kwa ajili ya usalama, na hapa nasimama na wanaolalamika. Firefox 45, mwaka 2016, iliondoa vikundi vya vichupo kwa maelezo kwamba waliovitumia ni wachache. Chrome 52, mwaka huo huo, iliacha kurudi ukurasa wa nyuma kwa kitufe cha kufutia herufi, kwa sababu watu walikuwa wakipoteza fomu walizokwisha kuzijaza. Huo wa pili nauona ulikuwa uamuzi mzuri. Wa kwanza sikuuelewa wakati ule na siuelewi hata sasa, kwani waliovitumia vikundi vile ndio walioshinda na kivinjari kutwa nzima. Kosa kubwa la watengenezaji, kwa maoni yangu, ni kuyafunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana: kiraka cha usalama ambacho kila mtu anakihitaji leo, na badiliko la sura ambalo lingeweza kungoja. Mtu akilazimishwa kuyameza yote kwa pamoja, siku moja atakataa yote.

Kabla hujafanya lolote, basi, fungua maelezo ya toleo yanayotolewa na watengenezaji wenyewe na utazame ukurasa wa marekebisho ya usalama, ambao kwa kawaida huwa peke yake. Ukiona mianya iliyopewa kiwango cha juu, au maneno kwamba mwanya fulani tayari unatumiwa, acha mjadala na usasishe siku hiyo hiyo. Kuhusu kipengele kilichoondolewa, tafuta kama kimefutwa kabisa au kimefichwa tu. Mwaka 2021, Firefox 89 ilipoleta sura mpya, ule mwonekano wa kubana nafasi uliondolewa kwenye menyu ya kawaida, lakini waliokuwa wakiutumia waliachiwa, na wengine wangeweza kuuwasha kupitia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani unaofunguliwa kwa kuandika jina hilo kwenye sehemu ya anwani. Watu kadhaa niliowasaidia walikuwa wamekwisha kuamua kuhama kivinjari kwa jambo lililomalizika kwa dakika chache.

Nimegundua pia kwamba wengi wanaokwepa masasisho hawakwepi sasisho lenyewe, bali wanaogopa kufunga kivinjari. Sasisho huweza kupakuliwa kimya kimya, lakini halianzi kufanya kazi mpaka kivinjari kiwashwe upya. Kwa miaka mingi Chrome iliwaonyesha watumiaji alama pembeni juu ambayo huanza na rangi ya kijani, ikageuka ya machungwa baada ya siku kama 4, na ikawa nyekundu baada ya wiki. Dada mmoja wa idara ya hesabu alikuwa na alama nyekundu iliyokaa hapo hadi macho yake hayakuiona tena. Vichupo vyake vilikuwa vimebanana kiasi kwamba majina hayakusomeka, vimebaki vialama vidogo tu vilivyopangana kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini. Nilipopeleka mkono kwenye kipanya akaniwahi: “Kaka, tafadhali usiiguse hiyo, kazi yangu yote iko humo.” Hakuwa na ugomvi wowote na usalama. Tuliingia kwenye mipangilio tukachagua kivinjari kikifunguliwa kiendelee pale kilipoishia, tukahifadhi vichupo vyote kwenye alamisho ndani ya folda moja, kisha nikamwonyesha kwamba Ctrl+Shift+T hurudisha kichupo au dirisha lililofungwa. Akabofya mwenyewe. Tahadhari niliyompa, nami nakupa wewe, ni kwamba madirisha ya faragha hayarudi, na maandishi uliyoyaacha nusu ndani ya fomu yanaweza kupotea, hivyo yamalize kwanza.

Wapo wanaoamua kurudi kwenye toleo la zamani. Sishauri hivyo kamwe kwa kivinjari kinachotumika kwa benki, barua pepe au kazi. Mbali na kufungua upya mianya iliyokwisha kuzibwa na kutangazwa, kuna usumbufu ambao watu hawautarajii: tangu Firefox 67 ya mwaka 2019, wasifu, yaani folda inayohifadhi alamisho, manenosiri na mipangilio yako, uliokwisha kutumiwa na toleo jipya haukubaliwi na toleo la zamani, na kivinjari hukutaka uanze wasifu mpya. Mtu hufungua, haoni alamisho wala manenosiri, na moyo unamruka. Vitu vyake havijafutwa, viko katika wasifu wa awali, lakini nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa kutolijua hilo.

Kama kinachokuchosha ni mabadiliko ya mara kwa mara, iko njia halali ambayo watu wengi hawaijui. Firefox ina tawi linaloitwa ESR (Extended Support Release, toleo la msaada wa muda mrefu), lililokusudiwa taasisi lakini lililo wazi kwa mtu yeyote, ambalo hupokea marekebisho ya usalama kama kawaida huku vipengele vyake vikibaki kama vilivyo kwa takriban mwaka mzima. Chrome nayo ina mkondo kwa ajili ya mashirika ambao vipengele vyake hubadilika kila baada ya wiki 8. Nimeiweka ESR kwenye kompyuta za wazee katika familia yangu na simu za kuuliza “kitufe kimekwenda wapi?” zimepungua sana. Badiliko litakuja siku moja, lakini litakuja kwa wakati unaoweza kujiandaa nao.

Kuhusu kuziba pengo kwa kiendelezi cha mtu mwingine, naomba tuwe waangalifu zaidi ya tulivyozoea. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data yako katika tovuti zote kinaona kila unachoandika. The Great Suspender kilipendwa sana kwa sababu kilifanya kazi ambayo Chrome haikuwa nayo, ya kulaza vichupo visivyotumika ili kupunguza mzigo wa kumbukumbu. Mwaka 2020 kikabadilisha mmiliki, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa kilikuwa na msimbo hasidi. Watumiaji walipoteza kiendelezi, na vichupo vilivyokuwa vimelazwa vikatoweka navyo. Baadaye Chrome ikajitengenezea yenyewe uwezo wa kuokoa kumbukumbu. Kwa hiyo kabla ya kuweka kiendelezi, tazama ruhusa zake, tazama kama kimesasishwa karibuni, na ukitumie kwa kipengele ambacho kweli huwezi kufanya kazi bila hicho. Kisichotumika kiondoe. Vivinjari vidogo vinavyodai kuhifadhi kila kilichoondolewa na wakubwa navipima kwa swali moja tu: mwanya mkubwa ulipotangazwa mara ya mwisho, walichukua siku ngapi kuuziba? Kama tarehe hizo hazipatikani popote, siweki kivinjari hicho kwenye kompyuta ya mtu ninayemjali.

Lalamika pia, tena kwa sauti. Malalamiko hufika: vikundi vya vichupo nilivyovitaja vilirejea Firefox mwaka 2025, vikiwa miongoni mwa mambo yaliyoombwa zaidi na watumiaji. Ila matusi hayamsaidii msanidi programu kujua cha kufanya. Taja namba ya toleo na mfumo wa uendeshaji, eleza kazi uliyokuwa ukiifanya kwa kipengele hicho hatua kwa hatua, eleza unavyolazimika kuifanya sasa, na uandike jambo moja kwa ripoti moja. Ukikuta mwingine amekwisha kuliandika, muunge mkono hapo hapo badala ya kufungua ripoti nyingine. Na uandike ukiwa kwenye toleo jipya kabisa, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa ni kama tatizo bado lipo humo, na ripoti inayotoka kwenye toleo lililopitwa na wakati hufungwa kabla haijasomwa hadi mwisho.