Maswali ya Wasomaji: Betri Pacha za Gari la Safari

SWALI: Fundi, salaam. Nina Hiace ambayo nimeitengeneza ndani ili familia iweze kulala njiani. Nyuma ya kiti cha dereva nimefunga betri mbili za risasi na asidi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 100, zilizounganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa ajili ya friji ndogo, taa na feni. Nilizinunua siku moja, lakini mwezi uliopita nilimwazima jirani betri moja ikawasha taa msibani kwa siku tatu mfululizo. Mwisho wa mwezi tunakwenda Mikumi. Fundi rewaya wangu anasema niirudishe tu mahali pake, kwamba zitasawazishana zenyewe na altaneta, ile mashine ya kwenye injini inayochaji betri, itamalizia barabarani. Je, ni kweli? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, usiirudishe kwanza. Fundi wako hajakosea kabisa, kwa kuwa betri mbili zilizounganishwa sambamba ni lazima zifikie volti moja. Kosa lake ni kudhani kwamba zikilingana volti zimekwisha kujaa. Ukiunganisha betri iliyotulia kwenye volti 12.7, ambayo imejaa, na nyingine iliyo kwenye volti 12.0, ambayo imeshuka chini ya nusu, ile iliyojaa humimina umeme kwa mwenzake, pengine kwa makumi ya ampea katika dakika za mwanzo, bila chombo chochote cha kuudhibiti. Niliwahi kusimama katika gereji moja ya Gerezani kando ya kijana aliyekuwa akigusisha waya wa mwisho kwenye kichwa cha betri ya namna hiyo: cheche ya buluu iliruka, na ncha ya waya ikabaki na kishimo cheusi. Yule kijana aliponea, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche karibu na gesi hiyo huweza kuipasua betri na kurusha asidi machoni.

Anza kazi siku tatu kabla ya safari. Fungua waya wa hasi kwanza, zitenganishe betri zote mbili, kisha chaji kila moja peke yake mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Chaja ya ampea 10 inatosha kwa betri ya ampea-saa 100. Kama imebaki nusu, ipe usiku mzima, kwa sababu saa tano za mwanzo huirudishia sehemu kubwa ya umeme, lakini sehemu ya mwisho huingia polepole mno. Hapo ndipo matumaini yako kwa altaneta yanapokwama. Kutoka Dar hadi Mikumi ni takriban kilomita 300, na hata ukikaa kwenye foleni ya Kibaha, saa hizo hazitoshi kuijaza betri iliyofika nusu, sembuse mbili.

Betri nyingi za aina hii huchajiwa hadi volti 14.4 zikiwa kwenye joto la nyuzi 25. Kwa joto letu la Dar, hasa Januari na Februari, punguza kidogo: kila nyuzi 10 zinazozidi hapo huondoa takriban volti 0.2. Chaja nzuri hufanya hivyo yenyewe, ila thibitisha kwa mita. Ikiwa betri zako zina vifuniko vya kujazia maji, hakikisha sahani za ndani zimefunikwa kabla ya kuchaji, kisha ongeza maji ya betri hadi kwenye alama baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji. Hayo yawe maji safi yasiyo na asidi. Soma lebo ya chupa kabla ya kumimina.

Sasa ziache zitulie saa 12 au zaidi bila kuunganishwa na chochote. Watu wengi huiruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke, kwa sababu betri iliyotoka kwenye chaja huonyesha volti 13 na kitu hata kama ni mbovu. Asubuhi pima kila moja. Zikisoma, kwa mfano, 12.72 na 12.68, ziunganishe. Tofauti ikizidi volti 0.1, chaji tena ile ya chini. Ikishuka tena kesho yake, hiyo imechoka, na kuifunga pamoja na nzima ni kuiua nzima. Betri yenye seli moja iliyokufa, yaani kimoja kati ya vyumba vyake sita vya ndani, hubaki karibu na volti 10.5, na mwenzake ataendelea kuimiminia umeme usiku kucha hadi wote wawili waishe mkiwa kambini.

Katika kuunganisha, chukua waya wa chanya wa kwenda kwenye friji kutoka betri ya kwanza na waya wa hasi kutoka betri ya pili, ili zote mbili zibebe mzigo sawasawa. Weka fyuzi karibu na kichwa cha chanya, na vua pete na saa ya chuma kabla ya kushika spana.

SWALI: Coaster yangu ni ya volti 24, na redio ya volti 12 imevutwa kutoka betri moja. Kwa nini betri hiyo hufa kabla ya mwenzake? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Kwa sababu volti 24 hizo hutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, na altaneta huona jumla ya zote mbili tu. Ile inayolisha redio haijai kamwe, na nyingine huchajiwa kupita kiasi hadi maji yake yakauke. Mwambie fundi aiondoe redio hapo na akufungie kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12, kisha chaji kila betri peke yake kwa chaja ya volti 12 kabla ya kuzirudisha kwenye gari.